Fomu ya kipimo cha jeni yataka kabila, mume wangu mamake ni Mroma na amekataa kuandika. Nifanyeje?

mama_zuu_mld

Assalam aleikum, na wasio Waislamu hamjambo nyote. Naandika nkiwa na uzito manake kuna jambo limeingia kati yangu na mume wangu na hatujawahi kuvutana hivi tangu tuoane.

Mimi ni mzaliwa wa Malindi, Shela, mamangu wa hapa hapa na babangu asili yake Amu. Mume wangu ni Mbulgaria, alikuja kufunga mitambo ya maji kwenye mahoteli, tukajuana, akasilimu, sasa mwaka wa kumi. Mtoto wetu wa kwanza ana miaka saba na tangu mwaka jana anajikwaa kila saa. Mwanzo tukasema ni viatu. Halafu siku moja akatoka kuoga na miguu ya maji, nkaangalia zile alama kwenye sakafu, nkaona kisigino kiko peke yake na vidole viko peke yake, katikati pakavu, na mdogo wake alopita nyuma yake alama zake zilikuwa nzima. Tangu siku hiyo kila akioga naangalia sakafu. Na akipanda ngazi anainua goti juu sana kama anaruka kamba.

Daktari wa watoto alimgonga magoti na kile kinyundo, mguu haukuruka. Akasema huenda ni mishipa ya fahamu, akauliza mambo ya ukoo. Mume wangu akamwambia ana binamu yake kwao, mtoto wa khaloo yake, alianza kutembea vibaya tangu mdogo na alipovuka miaka ishirini akaanza kupoteza na masikio. Daktari akauliza kwenu ni wapi hasa, akamtajia kijimji kando ya mto Danube. Daktari akatafuta kwa simu kidogo, akainua kichwa, akauliza "nyinyi ni Waroma?" Mume wangu akanyamaza. Mimi ndo nlojibu, nkasema mamake ndio, ni wa wale watu ambao wengi huwaita jipsi. Sijui kama nlikosea.

Sasa kuna fomu ya kupeleka damu nje ya nchi na ina nafasi ya kabila. Karani aliposikia Mroma akaandika Mtaliano, manake hapa Malindi ukisema Roma kila mtu ajua ni kwa Wataliano. Nkamwambia futa, sio hao. Mume wangu akaichukua fomu akaikunja akatia mfukoni tukarudi nyumbani. Asema damu atatoa, pesa atatoa, lakini neno hilo haliandikwi kwenye karatasi yenye jina la mwanawe. Mamake aliandikwa hivyo shule akatiwa darasa la watoto wanaosemwa hawana akili, na ni mama ambaye hesabu za duka zima alikuwa akizipiga kichwani. Nikimwambia basi andika Mbulgaria asema sawa, hiyo si uongo. Lakini daktari asema bila asili maabara hawatajua waanzie wapi.

Nauliza wenye kujua: hilo kabila lina kazi gani hasa kwa kipimo cha jeni? Nikiliacha mtoto ataumia? Na mume wangu ana haki ama ni hasira za zamani tu?

---

mpimadamu_amu

Waaleikum salaam dada, pole sana na Mungu amwafu mtoto. Mimi ni mtu wa maabara, sio daktari, niko Lamu, kwa hivo yale ntasema ni ya maabara na mengine muulize daktari wenu.

Nadhani najua daktari aliona nini kwenye simu. Bulgaria kuna mji unaitwa Lom, kando ya Danube, na kuna ugonjwa wa mishipa ya fahamu umepewa jina la mji huo kwa sababu wagonjwa wa kwanza walipatikana huko kwa Waroma, ukaandikwa 1996 na watafiti akina Luba Kalaydjieva, halafu 2000 ikapatikana jeni yenyewe, inaitwa NDRG1. Unaanza utotoni na kutembea, miguu kwanza kisha mikono, na masikio huja kuharibika ukubwani. Kwa yale ulosema ya binamu, daktari hakukosea kuufikiria.

Lakini sikiza hapa dada manake hapa ndipo penye kazi. Ugonjwa huo mtu haupati mpaka arithi jeni mbovu MBILI, moja kwa baba na moja kwa mama. Mume wako akiwa nayo ni mbebaji tu, haumwi. Wewe mtu wa Shela na Amu, watu wenu hawajatoka kwenye ule ukoo mmoja ulobeba hitilafu ile, kwa hivo uwezekano kwamba na wewe unayo ileile ni mdogo mno. Mtoto anaweza kuwa mbebaji kama babake, lakini kuwa ndo ugonjwa unomwangusha, mimi hapo nasita. Magonjwa ya kurithi ya mishipa ya mikono na miguu yapo duniani kote, hukisiwa mtu 1 kati ya 2,500, na ile aina iloenea kuliko zote inatosha kurithi kwa mzazi mmoja tu, tena haijali Mroma wala Mgiriama. Sasa unaona hatari ya lile neno? Likiandikwa Roma kwenye fomu, maabara huko nje wanaweza kupima hitilafu ile moja ya Lom, wakaikosa, wakarudisha jibu hamna kitu, na mtoto bado ajikwaa. Ombeni wapime jeni za mishipa ya fahamu zote kwa pamoja. Ni ghali zaidi lakini ndo kipimo cha mtoto wenu, kile chengine ni kipimo cha kabila la bibi yake.

Na hili la kabila na jeni tusidhani ni la Ulaya. Kuna daktari mmoja anaitwa Anthony Allison, alizaliwa Afrika Kusini akakulia Kenya hii hii, mwaka 1949 akiwa bado mwanafunzi Oxford akaja akazunguka akipima damu za watu, akitafuta sikoseli, ule ugonjwa wa damu wa kurithi. Akakuta huku pwani na kule ziwa Viktoria wabebaji wanapita asilimia 20, na kule milimani na kwenye makavu hawafiki hata 1. Pwani na ziwani watu hawana lugha moja, hawana kabila moja, hawajaoana. Walicho nacho pamoja ni mbu. 1954 akachapisha kwamba mwenye jeni moja ya sikoseli anakingika na malaria kali. Yani ramani ilifuata malaria, kabila halikuwemo. Kila nikipima damu hapa huwa namkumbuka yule kijana na vichupa vyake, na bado leo watu waandika kabila kama ndo jibu.

---

nasi_wa_barani

Mpimadamu nakuheshimu kaka angu lakini usimtie dada woga wa kuficha. Mimi niko wodini miaka kumi na nne. Mgonjwa akija saa tisa usiku sina mashine ya kupima jeni zote, nina macho na masikio na maswali. Nikijua mtu ametoka wapi najua nianzie wapi. Hospitali zetu hazina pesa ya kupima kila kitu, hiyo panel unoisema, ya kupima jeni zote kwa pamoja, dada wa watu pesa yake ataitoa wapi? Kama neno moja lapunguza gharama na lapunguza siku za kungoja, laandikwe. Aibu iko wapi kuwa kabila fulani? Mimi Mduruma na naandika Mduruma.

---

msafiri_bologna

Dada nasi, wewe waandika Mduruma ukiwa kwenye nchi ambayo Uduruma haukunyimi kitanda. Nisamehe nikiandika refu, mimi mtoto wa Malindi, Maweni, niko Italia mwaka wa kumi na sita nafanya kazi ya uuguzi, na Waroma nawahudumia. Nimeona kinachotokea likishaandikwa. Sauti ya mtu hubadilika. Mkoba unasogezwa.

Lakini nianze na upande wako manake una haki nusu. Kuna ugonjwa mwengine unapatikana sana kwa Waroma, upungufu wa kimeng'enya kinaitwa galaktokinasi. Mtoto huzaliwa mzima, anyonya vizuri, lakini sukari ya kwenye maziwa mwili wake hauwezi kuivunja, inageuka kitu chengine inajaa kwenye lenzi ya jicho, na kwa wiki chache tu mtoto ana mtoto wa jicho macho yote mawili. Dawa yake ni kuacha maziwa, pamoja na ya mama, apewe ya soya. Ukiwahi mapema ukungu unaweza kurudi nyuma wenyewe. Ukichelewa ni kisu, na pengine haoni vizuri maisha. Na kuna ugonjwa mwengine tena, mtoto huzaliwa na macho yenye ukungu na baadaye mishipa yake ya fahamu inaharibika, na huyo ukimlaza kwa dawa ya usingizi ya upasuaji bila kujua anaweza kupata matatizo makubwa, ni hatari ya kufa. Kwa watoto hao kujua asili ya wazazi ni jambo la macho na roho. Kwa hivo mimi sisemi swali lisiulizwe.

Nasema tujue kwa nini mume wa dada amekunja ile karatasi. Waroma ni watu walotoka India, upande wa kaskazini magharibi, miaka elfu moja na zaidi iliyopita, lugha yao Kiromani hadi leo ni jamaa wa Kihindi. Walipofika Ulaya wakadhaniwa wametoka Misri, ndo likazaliwa lile neno jipsi, na wao hawalitaki. Kwenye nchi ambayo leo ni Romania walikuwa watumwa, wakiuzwa kabisa, mpaka miaka ya 1850. Leo Umoja wa Ulaya wakadiria kwamba Ulaya nzima ni milioni 10 mpaka 12, na sio kabila moja, wana makundi yao mengi, hawa hawaoi wale, na ugonjwa ulioko kundi hili kundi lile huukuti.

Na 1936 Ujerumani ya Hitler ilifungua ofisi ya kuwachunguza, mkubwa wake daktari anaitwa Robert Ritter. Alikuwa na msaidizi, Eva Justin, mwanamke aliyejifunza Kiromani, akikaa nao, akiwasalimu kwa lugha yao, wakimfungulia. Walipima vichwa, walichukua damu, na zaidi ya yote walichora miti ya koo, nani mtoto wa nani, nani nusu nani robo. Mpaka vita vinakaribia kwisha walikuwa na mafaili karibu 24,000. Yale mafaili ndo yalotumika kuwakusanya. Usiku wa tarehe 2 Agosti 1944 kwenye kambi ya mauaji ya Auschwitz, sehemu ya familia za Waroma ilimalizwa kwa gesi, wazee na watoto. Walouawa Ulaya nzima wakati ule hukadiriwa kutoka laki mbili na kitu mpaka laki tano. Kwa hivo daktari akimwambia Mroma "nichoree ukoo wako" anaweza kuwa ana nia safi kabisa, lakini kuna mtu aliyeulizwa swali hilo hilo kwa lugha yake na kwa tabasamu.

Na msidhani yaliisha na vita. 2021 watafiti wa Chuo Kikuu cha Freiburg, akina Veronika Lipphardt na Mihai Surdu, waliandika kwenye jarida la Nature kwamba wamepitia makala zaidi ya 450 za jeni za Waroma tangu 1921. Wakakuta makala nyingi zawaelezea Waroma kama watu walojitenga hawajachanganyika na mtu, na sampuli zilichukuliwa kwenye vijiji vilojitenga kweli, sasa jibu utalipata lipi jengine? Wakakuta ruhusa za walotolewa damu ni za mashaka, wengine walikuwa wafungwa, na data zikaja kutumiwa na wapelelezi wa makosa ya jinai. Mtu alitoa damu akidhani atibiwa.

Dada mama_zuu, uloniuliza kama ni hasira za zamani. Mwaka huohuo wa 2021 ndo bunge la Ucheki lilipitisha sheria ya kuwalipa fidia wanawake walofungwa kizazi bila ridhaa yao, na wengi wao ni Waroma. Wako hai. Si zamani.

---

ami_wa_faza

Masalkheri wanangu. Nimesoma yote, nimeisoma ya msafiri mara mbili. Nina neno langu na si la Waroma, ni la nyumbani kwangu.

Ndugu yangu wa kike ana binti, mweupe, nywele zimelala, jina la ukoo la Kiarabu. Tangu ana miaka mitatu alikuwa akilia viungo. Mikono ilikuwa ikimvimba nyuma ya viganja, laini kama mandazi ya moto, ukibonyeza apiga ukelele. Tukampeleka hospitali, sitaitaja, mara hii na mara ile, na kila wakimtazama waandika baridi yabisi. Kuna siku mimi mwenyewe nliuliza, je si sikoseli, manake mtoto wa jirani alikuwa nayo na alikuwa akivimba hivo hivo. Yule mganga akanitazama akaniambia mzee, hiyo ni ya Waafrika, hawa Waarabu hawaipati. Tukaamini. Miaka sita binti alikuwa akitafuna vidonge vya baridi yabisi. Mpaka alipokuja kijana mmoja wa zamu, hakuuliza kabila, alimtazama macho yake yana manjano, akatoa damu tone moja akaipima. Ni sikoseli. Na nlikuja kuambiwa baadaye kwamba hata Saudia upande wa mashariki, Qatif na al-Ahsa, ipo tele, na India ipo, na Ugiriki ipo.

Nasi mwanangu, wewe wauliza aibu iko wapi. Haikuwa aibu. Sisi tulikuwa twajivunia ule Uarabu na ndo ulotuponza.

Sisi wa visiwani tumeandikwa majina mengi. Mkoloni alikuwa na watu wa asili na wasio wa asili, na ukiwa upande huu ulipa kodi hivi na ukiwa upande ule ulipa vile, basi nyumba moja ndugu wawili wa tumbo moja walikuwa wakijiandikisha mbalimbali, mmoja Mwarabu mmoja Mbajuni. Sasa daktari wa leo akilikuta lile jina la Mwarabu kwenye kitambulisho cha babu adhani amejua damu. Amejua kodi tu.

2023 watu wa vyuo, wakiwemo Chapurukha Kusimba na wa Harvard kina David Reich, walitoa habari za mifupa ya wazee wetu, watu 80, wengine makaburi ya Manda na ya hapa Faza, na Mtwapa na Kilwa na kwengineko. Wakasema kwa wengi wao nusu na zaidi ya asili ni ya Afrika, na sana ni kwa upande wa mama, na upande wa baba imo Uajemi, kuanzia kama mwaka 1000. Hapa barazani mmoja akasema umeona sisi ni Washirazi, mwengine akasema umeona sisi ni Waafrika, na wote wawili wamesoma karatasi moja. Mimi nliwauliza, je mjukuu wangu akiumwa, karatasi hiyo yanambia nimpe dawa gani? Hawakunijibu.

---

nasi_wa_barani

Ami, shikamoo. Hiyo ya mikono kuvimba nimeisoma nkanyamaza. Vile viganja vikivimba kwa mtoto mdogo ni dalili ya sikoseli inayojulikana na ukiiona hungoji kabila. Yule mganga aliangalia jina akaacha mikono. Nimewahi kufanya makosa ya namna hiyo, si hayo, ya namna hiyo.

Lakini bado nauliza kwa nia safi, basi tuulize nini? Manake kutouliza kabisa pia si dawa, msafiri mwenyewe amesema ya maziwa.

---

mpimadamu_amu

Dada nasi hapo sasa umeuliza swali lenyewe. Mimi naona tuulize vitu venyewe ambavyo kabila hutumika kama njia ya mkato ya kuvipata. Wazazi wa baba walizaliwa mji gani, wa mama mji gani. Baba na mama ni ndugu? Manake huku kwetu mtoto wa ami na mtoto wa ami kuoana ni kawaida na mabinamu hao huwa na jeni za pamoja kama sehemu moja ya nane, kwa hivo hitilafu zinazotaka mbili mbili hukutana kwa urahisi. Hii haina uhusiano na kabila, ni ukoo. Na kwa Waroma ni jambo hilo hilo, waloanza walikuwa watu wachache, wakagawanyika vikundi vidogo, wakaoana ndani kwa ndani na wakati mwingi ni kwa sababu nje walikuwa wamefungiwa mlango. Mmoja kati ya wale wachache alikuwa na jeni ya Lom, ikasafiri, na leo hitilafu ileile moja imepatikana Bulgaria, Italia, Slovenia, Uhispania. Uliza pia kuna mtoto alizaliwa na ukungu jichoni, kuna alokufa mchanga bila sababu kujulikana, kuna anotembea vibaya. Uingereza kwa mama wajawazito wana fomu ya sikoseli na thalasemia, ugonjwa mwengine wa damu wa kurithi, inauliza asili ya familia ya mama na ya baba, mbali mbali, na waweza kuweka alama zaidi ya moja. Haiko kamili lakini angalau yajua kwamba mtu ana pande mbili.

Nkupe na mfano wa kwetu maabara. Kipimo cha figo, ile hesabu ya kreatinini, taka ya misuli inayopimwa kwenye damu, kwa miaka mashine ilikuwa ikitoa majibu mawili, moja la mtu mweusi na moja la wengine, la mweusi laongezwa kwa kuzidishwa na 1.159. Yani figo zako zile zile zaonekana nzima zaidi karibu asilimia 16 kwa sababu ya rangi. Hapa Amu tulikuwa tukitazamana, huyu mwenye mama wa Kiamu na baba Mhadhrami tumpe lipi? 2021 Marekani wenyewe waloianza wakaiondoa, wakatoa hesabu mpya isiyo na rangi. Ngapi walicheleweshwa kwenda kwa daktari wa figo kabla ya hapo, sijui nani atawahesabu.

Dada mama_zuu, mambo mawili ya karatasi. Sheria ya ulinzi wa data ya Kenya ya 2019 inahesabu data ya jeni na asili ya kikabila kuwa data nyeti, zote mbili, na hali ya afya. Mna haki ya kuuliza kwa nini yatakiwa, itakaa wapi na nani ataiona. Fomu za maabara za nje aghlabu zina mstari kule chini, maandishi madogo, kwamba sampuli itakayobaki inaweza kutumika kwa utafiti. Utafuteni mstari huo. Kama mumeo hataki, aandike hapana, na kipimo cha mtoto kiendelee. Usikubali kuambiwa ukikataa hilo na kipimo hakuna.

---

msafiri_bologna

Naongeza moja tu. Mti wa ukoo ni muhimu kwa daktari, sikatai, lakini mwacheni auchore MWENYEWE, kwa mkono wake, akae nao nyumbani. Amsomee daktari yale yanohusu ugonjwa. Si lazima karatasi ihame mikono.

---

mama_zuu_mld

Assalam aleikum tena. Nimechelewa kurudi, nlitaka kwanza tumalize.

Nlimsomea mume wangu haya majibu yote usiku, mengine nkimfasiria manake Kiswahili chake ni cha kazini. Nilipofika kwa Eva Justin alinyanyuka akaenda akasimama uwani. Akarudi akaniuliza ile ya ami, binti alivimba mikono miaka mingapi. Nkamwambia sita. Akaniambia soma tena.

Kesho yake alichukua daftari la hesabu la mtoto, akafungua kurasa za katikati akaanza kuchora. Mimi nkachora upande wangu. Nlikuwa sijui kwamba bibi yake mzaa mama alizika watoto wawili, wala yeye hakuwa anajua babangu na mamangu ni watoto wa mtu na nduguye. Mwanangu akaja akauliza mbona mwandika daftari langu, babake akamkalisha akamwonyesha, huyu ni wewe, hapa chini. Akataka achorewe na paka wetu. Yuko kwenye mti.

Kliniki tulikwenda na daftari, mume wangu akasoma, daktari akaandika. Nkamuuliza hili la jeni mbili, akakubali, akasema kweli aliona Lom akasimama hapo hapo. Akatuombea kipimo cha jeni zote za mishipa kwa pamoja, na kabla ya hicho kipimo cha umeme cha mishipa Mombasa, na vitamini B12, manake asema yapo mengine ya kutibika lazima yatolewe kwanza. Pesa imepanda, kweli, mahari yangu ya dhahabu imekwenda nusu na sijuti. Ule mstari mdogo tuliupata, ulikuwa ukurasa wa tatu. Mume wangu aliandika hapana kwa Kiingereza na kwa Kiswahili.

Kwenye ile nafasi ya kabila karani alitaka kitu manake fomu haikubali pengo. Tukaandika mama: Malindi na Lamu. Baba: jina la ule mji wa mamake, Bulgaria. Karani akasema hilo si kabila. Mume wangu akamwambia ndipo walipozaliwa.

Majibu ni baada ya wiki sita ama nane. Viatu vya kushika kifundo tumeshapata, tangu Jumatatu hajaanguka kwenye ngazi. Ami, msalimie yule binti sana, nambia anaendeleaje siku hizi.

---

ami_wa_faza

Waaleikum salaam mwanangu. Ameolewa, yuko Kizingitini, ana mtoto mmoja. Mume alipimwa damu kabla ya posa, nliisimamia mimi.